Sura ya Nne: Mbona Kikwe Hakuna Farasi?

Swali hili huulizwa na watoto kwanza, kisha na wakubwa wanaojifanya wanauliza kwa niaba ya watoto. Farasi wamewaona kwenye sinema na kwenye picha za Ethiopia na Lesotho. Wengine wamewaona kwa macho yao, wamepandwa na watalii kwenye mashamba ya upande wa Usa River. Kisha wanateremka barabara za vumbi zinazoelekea kusini mwa mlima Meru, Kikwe na Mbuguni, na huko wanakutana na punda: punda na madumu ya maji, punda na magunia ya mahindi, punda na mkokoteni wa matofali. Nchi yenye nyasi namna hii na wafugaji namna hii, ilikosaje farasi wake?

Vijiweni majibu hayakosekani. Wako wanaosema farasi ni mnyama wa Wazungu, na wako wanaosema hakuna aliyewahi kuwaleta. Jibu la kwanza halina msingi, maana Wabasotho na Waoromo wanapanda farasi wao miaka nenda rudi na si Wazungu. La pili ni kinyume cha ukweli. Farasi waliletwa huku, tena kwa mamia. Walichoshindwa ni kuishi.

Walikuja, wakafa

Mwezi Machi 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliingia Arusha na kuwakuta Wajerumani wameshaondoka. Mwanzoni mwa Aprili kikosi cha wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, kilitoka Arusha kikishika njia ya kusini. Kikauteka mlima Lolkisale, kikaendelea hadi Kondoa, na tarehe 19 Aprili mji ukawa mikononi mwao. Kwenye ramani ni safari ya kujivunia. Barabarani masika yalikuwa yamekolea, na farasi walianguka kwa mamia. Kikosi cha wapanda farasi kilifika Kondoa wengi wake wakitembea kwa miguu.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya zaidi. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba mwaka huohuo, jeshi hilo lilipoteza farasi wapatao 10,000, baghala 10,000 (baghala ni mtoto wa punda dume na farasi jike), maksai 11,000 na punda 2,500. Risasi ziliua wachache sana kati yao.

Wauaji walikuwa wawili. Wa kwanza ni ugonjwa unaoitwa homa ya farasi ya Afrika. Unaletwa na kirusi, yaani kimelea kidogo kuliko bakteria, na anayekisambaza ni usubi, kijidudu kiumacho ambacho ni kidogo kuliko mbu na hufanya kazi zake jioni na usiku. Farasi akiumwa na usubi mwenye kirusi hicho, mapafu yake yanaweza kujaa maji ndani ya siku chache, povu likamtoka puani, akafa amesimama asubuhi wakati jana yake alikuwa anakula vizuri. Katika kundi la farasi wageni, wanaokufa wanaweza kufika tisa kwa kila kumi. Muuaji wa pili ni nagana, ugonjwa wa damu unaoenezwa na mbung'o, ambaye wengi wetu tunamwita ndorobo. Huyu haui kwa haraka. Anamkondesha mnyama wiki hadi wiki mpaka anaanguka.

Sasa tazama ramani ya Afrika tena. Farasi wako kwa wingi Ethiopia na Lesotho, na nchi hizo mbili zina milima mirefu yenye baridi kali, ambako usubi hupata taabu kuishi na mbung'o hafiki kabisa. Lesotho wana poni wao mashuhuri. Poni ni farasi wa asili mfupi, asiyezidi sentimita 148 kutoka chini hadi begani, na huyo wa Kibasotho anasifiwa kwa kupanda miamba ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili. Nyanda za chini ya Meru hazina bahati ya baridi hiyo. Farasi wa leo wa utalii wanaishi kwa chanjo, kwa kufungiwa mabandani jioni, na kwa pesa.

Wajerumani waliliona tatizo mapema wakatafuta njia ya mkato. Wakajiambia kwamba kama pundamilia amezaliwa hapa na haumwi, basi afungwe lijamu. Mwanzoni mwa karne iliyopita Friedrich Bronsart von Schellendorff, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la kikoloni, alikuwa akikamata pundamilia kwenye nyanda za Kilimanjaro kwa nia ya kuwafuga na kuwafanyisha kazi. Ni kweli pundamilia hubeba kirusi cha homa ya farasi bila kuonyesha dalili. Lakini anauma, anapiga mateke, anaogopa kufungiwa, na akishikwa na hofu anaweza kufa kwa mshtuko. Jaribio halikufika mbali.

Kinachonishangaza ni kwamba wakati watu hao wanahangaika na mistari ya pundamilia, mnyama waliyemhitaji alikuwa anapita mbele yao amebeba vyombo vya mama wa Kimasai.

Mwenyeji mwenyewe

Punda hakuletwa. Katika wanyama wakubwa wa kufugwa tunaowajua huku, yeye karibu peke yake ndiye mtoto wa Afrika. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wetu wana damu nyingi ya wanyama waliofugwa kwanza Asia. Ngamia naye alitoka huko. Punda asili yake ni punda-mwitu wa Afrika, mnyama wa majangwa na vilima vikavu vya kaskazini-mashariki, ambaye leo wamebaki wachache sana pembezoni mwa Eritrea, Ethiopia na Somalia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulichunguza vinasaba vya punda zaidi ya 200 wa sasa, pamoja na mabaki ya punda wa kale. (Vinasaba ni yale maelekezo ya kurithi yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, yanayofanya mtoto afanane na wazazi.) Jibu lililopatikana ni kwamba punda walifugwa mara moja tu, upande huu wa Afrika, miaka kama 7,000 iliyopita, na kutoka hapo wakasambaa duniani. Punda wa Hispania, wa China na wa Meksiko wote ukoo wao unarudi huku. Ni wakati ambao Sahara ilikuwa inakauka. Mifugo ilihitaji kuhama mbali zaidi kutafuta maji, na watu walihitaji mnyama wa kubeba watoto, mahema na vyombo kwenye njia ambazo ng'ombe angechoka.

Kule Abydos, Misri, wachimbuzi walifukua punda 10 waliozikwa kwa heshima karibu na majengo ya maziko ya mfalme, miaka kama 5,000 iliyopita. Kwa umbo walikuwa bado wanafanana na punda-mwitu. Lakini mifupa ya uti wa mgongo ilikuwa imesagika na kuumia, kama inavyokuwa kwa mnyama aliyebebeshwa mizigo mizito kwa muda mrefu. Binadamu alikuwa hata hajamaliza kumbadilisha punda umbo, na tayari alikuwa ameshamwumiza mgongo.

Pwani nako kulikuwa na punda wa aina ya pili. Unguja, matajiri walipanda punda wa Maskati, weupe, warefu, wa bei kubwa, walioletwa kwa jahazi kutoka Omani. Wa bara alikuwa mfupi, wa kijivu, na hakuna aliyempiga picha. Lamu mpaka leo punda ndiye mwenye vichochoro, kwa kuwa gari halipiti, na tangu 1987 kuna kituo cha hisani cha kuwatibu bila malipo.

Mtazame vizuri

Punda wa Kikwe ana kimo cha mita moja hivi begani, pengine na sentimita kumi au kumi na tano juu yake. Uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 110 na 150. Mara nyingi ni wa kijivu au wa kahawia, mdomo mweupe, tumbo jeupe. Mgongoni ana mstari mweusi unaotoka shingoni hadi mkiani, na begani mstari mwingine unaoukata wa kwanza, hivyo ukimtazama kutoka juu unaona msalaba. Baadhi wana michirizi miguuni kama ya pundamilia, hafifu, urithi wa mababu wa jangwani.

Masikio yake marefu yanasikia mbali na pia yanapoza damu, maana ngozi yake ni nyembamba na mishipa iko karibu na upepo. Kwato ni nyembamba na zimesimama, zimeumbwa kwa mawe makavu. Tumboni, chakula kigumu kinachachushwa kwenye utumbo mpana na wala si kwenye tumbo la vyumba vinne kama la ng'ombe. Hahitaji kulala chini acheue. Anakula mabua ya mahindi, nyasi zilizokauka na magome, na anaendelea na safari.

Kwa upande wa maji ndipo anapowaacha wengi nyuma. Punda anaweza kupoteza maji hadi kufikia robo ya uzito wake, hali ambayo ingemuua farasi au wewe, kisha akifika kisimani akayarudisha karibu yote kwa kunywa dakika chache tu. Pamoja na hayo ni mchaguzi. Maji yenye harufu au matope anayakataa, hata akiwa na kiu. Mwenye punda anayesema mnyama wake hapendi maji, mara nyingi ndoo yake haijasuguliwa.

Halafu kuna hili la ukaidi. Farasi akishtuka hukimbia, kwa sababu mababu zake waliishi kwenye makundi katika nyika zilizo wazi. Punda-mwitu aliishi kwenye mawe na makorongo, mara nyingi peke yake au wawili watatu, na huko kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Kwa hiyo punda akiwa na wasiwasi husimama, anasikiliza, anapima. Tukiwa na fimbo mkononi tunaita hiyo jeuri. Mpe dakika moja, mara nyingi atapita mwenyewe. Ukimpiga, umemthibitishia kwamba mahali pale pana hatari.

*Kwa ufupi:* homa ya farasi humpata kidogo tu au haonyeshi dalili kabisa. Nagana inaweza kumpata, lakini anaivumilia kuliko farasi. Anakula vya kutupwa, anavumilia kiu, haendi kwa pupa. Ni mnyama wa ukame.

Na kwa kuwa ni wa ukame, mvua inamuumiza. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi, yanaloa hadi kwenye ngozi. Punda aliyefungwa nje usiku wa masika huku juu mlimani, au kwenye baridi ya Juni na Julai, anateseka kuliko mbuzi aliye zizini. Kule chini, udongo mweusi wa mbuga ukilowa unalainisha kwato zake mpaka zinaoza. Paa la mabua na sakafu kavu vinatosha. Watu wengi wenye punda wawili na pikipiki moja wamejenga banda la pikipiki.

Mwaka ng'ombe walipokwisha

Miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki. Huu ulikuwa ugonjwa wa virusi wa wanyama wenye kwato zilizogawanyika: ng'ombe, nyati, swala. Ulifyeka makundi ya Wamasai kwa namna ambayo haijawahi kuonekana kabla wala baada, na ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011 tu. Mchunguzi kutoka Austria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro mwaka 1892 akakuta watu wamebaki mifupa, wanakula mizoga ya punda waliokufa, jamii ambayo siku za kawaida nyama ya punda haiigusi.

Punda kwato zake ni moja moja. Sotoka haikumhusu. Ndigana kali, homa ya kupe inayoua ndama wetu mpaka leo, haimhusu pia. Boma lililopoteza ng'ombe wote lilikuwa bado na cha kubebea watoto na vyombo kwenda kutafuta hifadhi kwa jirani, na jirani wa wakati huo alikuwa mara nyingi Mmeru au Mwarusha kwenye miteremko ya mlima, mwenye ndizi na mahindi ya kubadilishana.

Katika boma la Kimasai shughuli za punda ni za wanawake: kuhama, maji, kuni, sokoni. Mpangilio huo umeteremka hadi kwenye vijiji mchanganyiko vya Kikwe, ambako Wameru, Waarusha na Wamasai wanapakana shamba kwa shamba. Na maji ya huku yana tabia yake. Miamba ya volkano ya Meru hutoa floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Chanzo cha karibu si lazima kiwe chanzo kizuri, kwa hiyo safari ya maji inaweza kurefuka kwa sababu ya meno ya watoto. Safari hiyo punda ndiye anayeilipia.

Kwa nini basi misafara ya karne ya 19 ilitegemea wapagazi na kubeba kwa kichwa, kama punda alikuwepo? Kwa sababu uvumilivu una mpaka. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipotoka pwani mwaka 1857 walikuwa na punda, na wengi wao walifia njiani. Kwenye misitu yenye mbung'o wengi, safari ndefu, malisho duni na mizigo iliyofungwa vibaya vinamaliza hata punda. Nyanda za Meru na Umasai zilimfaa kwa kuwa ni wazi, kavu, na wenyeji walijua wapi pasipite mnyama.

Ugumu unaomponza

Bombani Kikwe, saa moja asubuhi, foleni ni ya madumu ya njano. Mama wa Kimasai aliyekuwa mbele alikuwa na punda watatu. Alikunja gunia mara nne akalilaza mgongoni, juu yake kipande cha blanketi. Madumu mawili ya lita 20 yalikuwa yameunganishwa kwa kamba moja. Yeye na mwenzake wakayainua kwa pamoja, moja huku na moja huku, yakashuka kwa wakati mmoja ili mzigo usimvute mnyama upande. Kisha mawili mengine. Punda alisogeza mguu wa nyuma, akalaza masikio, akanyamaza.

"Shikamoo, yeyo. Huyu anabeba madumu mangapi?"

"Marahaba. Manne." Akamshika yule wa pembeni, tumbo limeshuka. "Huyu ana mimba. Huyu mawili."

Tupige hesabu. Wataalamu wengi hushauri punda abebe mgongoni theluthi moja hivi ya uzito wake. Wa kilo 130 ni kama kilo 43, yaani madumu mawili na kidogo. Madumu manne ni kilo 80 kabla hujahesabu plastiki. Yule mwenye mimba ndiye pekee aliyekuwa na mzigo wa kitabuni. Wala si kwamba mama yule ni mkatili: namna alivyofunga mzigo ilikuwa bora kuliko nyingi utakazoziona siku ya soko Tengeru. Ana watoto, ana ndama, na bomba liko mbali. Tatizo ni kwamba punda anakubali. Ng'ombe angelala chini. Punda anatembea, na sisi tunachukua kutembea kwake kuwa ni ushahidi kwamba mzigo si mzito.

Mnyama anayeliwa na simba na fisi hujifunza kuficha maumivu, maana anayechechemea ndiye anayechaguliwa. Punda amelihifadhi somo hilo. Farasi mwenye tumbo linalouma atajibwaga na kugaragara, jirani wote watajua. Punda mwenye maumivu yaleyale atasimama kimya, kichwa chini, masikio yameanguka, ataacha kula. Na kuacha kula kwake ni hatari kuliko kwa wanyama wengi: akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa punda jike mwenye mimba, mwili unaanza kumwaga mafuta kwenye damu mpaka ini linashindwa. Unapomwona "ametulia leo", uliza amekula nini jana.

Mkokoteni unapunguza mzigo wa mgongo, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayobeba na punda anavuta tu. Hapa linaingia kosa ambalo ningeomba lisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji. Nira ya ng'ombe, ule mti unaokaa shingoni mbele ya nundu, imetengenezwa kwa ng'ombe kwa sababu ng'ombe anasukuma kwa nundu na bega. Punda hana nundu. Anavuta kwa kifua. Ukimwekea nira, mti unasaga mfupa wa shingo na kumkaba koo, na sehemu ya nguvu yake inapotea. Anachohitaji ni mkanda mpana wa kifua, upana wa kiganja, wa turubai au mpira wa tairi uliofunikwa kitambaa, na mwingine wa mgongoni unaozuia wa kifua usishuke. Fundi wa viti vya pikipiki anaweza kuushona. Kamba ya nailoni peke yake ni msumeno.

Vidonda vinavyotokana na hayo vinaleta pepopunda, ambayo humuua punda kama inavyomuua mtu, na vinaleta nzi na funza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa. Arusha ina bahati ya kuwa na mashirika ya wenyeji yanayohangaika na punda, MAWO na ASPA, yanayotibu na kufundisha wenye mikokoteni. Kwa maoni yangu lile la kufundisha lina faida zaidi. Kidonda kilichopakwa dawa Jumatatu na kufungwa nira Jumanne hakijatibiwa.

Kabla hujatoa pesa

Wanaonunua punda mnadani huangalia rangi na kelele za muuzaji. Angalia haya:

- Meno ya mbele. Mpaka miaka mitano meno ya utotoni yanaendelea kubadilishwa. Baada ya hapo yanazidi kurefuka na kulala mbele. Usimtumikishe aliye chini ya miaka mitatu, hata kama ni mrefu.
- Mgongo na shingo. Manyoya meupe kwenye sehemu ya tandiko ni makovu ya vidonda vya zamani.
- Mwendo. Mwombe muuzaji amtembeze kwenye ardhi ngumu, usikilize kwato: mlio uwe sawa kwa miguu yote minne.
- Pua. Baadhi ya wafugaji huzichana wakiamini atapumua vizuri akipanda mlima. Kuzichana huko hakumsaidii kitu.
- Rafiki. Punda wawili waliokua pamoja hushikamana, na ukimtenga mmoja anaweza kususa kula. Kama una uwezo, nunua wote wawili.

Dume asiyehasiwa ni msumbufu na hatari kwa watoto. Ahasiwe na mtaalamu wa mifugo, kwa dawa ya ganzi, akiwa bado kijana.

Ngozi

Hadi hapa nimemzungumzia punda kama mnyama wa kazi. Kwenye miaka ya 2010 alipata bei nyingine. China kuna dawa ya asili iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka inakuwa gundi, na inaaminika kuongeza damu na kurudisha ujana. Watu wenye uwezo wa kuinunua waliongezeka, na punda wa China, waliokuwa milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakapungua hadi chini ya milioni 3. Wanunuzi wakageukia Afrika.

Kenya ilifungua machinjio ya punda kuanzia 2016, yakiwamo ya Mogotio na Naivasha. Bei ilipanda, na wizi ukapanda nayo: watu waliamka wakakuta mizoga iliyochunwa, nyama imeachwa porini. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, ya 2019 ilipata milioni 1.2 tu. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, mahakama ikaibatilisha marufuku hiyo mwaka uliofuata. Tanzania nayo ilikuwa na machinjio yake, Dodoma na Shinyanga, na mwaka 2022 serikali ikasitisha biashara hiyo. Desemba mwaka huo wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumzia punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, huko Addis Ababa, walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

Wapo wanaouliza kwa nini punda asifugwe kibiashara kama kuku, machinjio yapate na wafugaji wapate. Jibu liko tumboni. Punda jike hubeba mimba kwa miezi kama 12, huzaa mtoto mmoja, na kwa kawaida hapandwi kabla ya miaka mitatu. Punda jike aliyezaliwa Kikwe siku makubaliano ya Addis Ababa yalipotangazwa atazaa mara ya kwanza mwaka 2028 hivi. Akitunzwa vizuri atazaa tena kila mwaka mmoja na nusu au miwili. Mwaka 2039, makubaliano yatakapofikia ukingoni, atakuwa na watoto sita hadi wanane, na kama nusu yao watakuwa madume. Hiyo ni kama hajabebeshwa madumu manne akiwa na mimba.